TV mpya ilivyompandisha Baba juu ya bati

SIMU ya Mama kwa kawaida huingia usiku, akishamaliza kuosha vyombo, na huanza na habari za majirani kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Hii iliingia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Dar es Salaam nikimsubiri daktari niliyeahidiana naye mahojiano. Hakuuliza hata hali yangu.

“Baba yako ameteleza kwenye bati,” alisema kwa sauti ya chini. “Mzima, ni ugoko tu umechubuka. Lakini usimwambie kwamba nimekuambia.”

Bati gani tena? Baba ana miaka 69. Ni mwalimu mstaafu, anameza dawa ya presha kila asubuhi, na nijuavyo mimi hajapanda ngazi tangu nikiwa shule ya msingi. Ilibidi nimbembeleze Mama dakika kadhaa ndipo akanimwagia yote. Chanzo cha yote hayo ilikuwa zawadi yetu sisi wenyewe, watoto wao.

Mwezi mmoja nyuma tulichangishana, sisi wanne, tukanunua TV bapa ya nchi 43 Kariakoo na kuipakia kwenye basi kwenda Muheza. Wazee walikuwa bado na ile TV ya chogo ya mwaka 2004, yenye picha iliyokuwa imeanza kuwa ya kijani upande mmoja kama ukuta wenye kuvu. Mzigo ulipofika, Baba alipiga simu kushukuru. Nikamuuliza kama ataweza kuiunganisha. Akasema hilo ni jambo dogo. Mimi nikamjibu neno ambalo nimelijutia sana: “Ni rahisi tu Baba, kila kitu kimeandikwa kwenye kitabu.” Kitabu chenyewe kilikuwa na Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Kwa siku kumi na moja ile TV haikuonyesha chochote. Kioo cheusi, na kijisanduku kidogo kikielea huku na kule kimeandikwa “No Signal”, yaani hakuna mawimbi. Siku zote hizo, kila nikipiga simu na kuuliza TV inaendeleaje, Baba alijibu kwamba ni nzuri sana, picha zake ni kubwa.

Hakutaka tujue. Alidhani ameiharibu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka 34 anaona aibu kuwaambia wanawe kwamba kitu walichomnunulia kimemshinda kuwasha. Mama alikuwa anakwenda kwa jirani kuangalia tamthilia yake, na alipoulizwa kulikoni alisema kwao umeme unasumbua.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakugusa rimoti hata mara moja. Aliitazama TV, akalitazama dishi kwa chini, akasema LNB imekufa, itakuwa shilingi 60,000 pamoja na ufundi. Baba akasema hana. Fundi akabadilisha maelezo: basi huenda ni bodi ya TV, bora aichukue akaiangalie kwake. Hapo namshukuru Mama, aliyesema TV hiyo haitoki ndani mpaka watoto wenyewe waje. Fundi akaondoka, na kesho yake Baba akaazima ngazi.

Kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Alipanda asubuhi akaligeuza dishi kidogo kushoto, akapaza sauti, “Imekuja?” Mama akajibu kutoka sebuleni, “Bado!” Akaligeuza kulia. “Imekuja?” “Bado!” Mnaujua mchezo huo, nyumba nyingi zimeucheza. Wakati wa kushuka mguu ukateleza, akaserereka mpaka ukingoni, na kilichomzuia ni msumari wa bati ulioshika suruali. Ule mchubuko ni wa msumari.

Nimeripoti habari za afya kwa miaka mitano. Nimeshaandika kuhusu ajali za bodaboda na kuhusu moto wa majiko ya gesi. Sikuwahi kufikiria kuandika kuhusu wazee na ngazi, ingawa takwimu ninazo kwenye daftari langu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni wale waliovuka miaka 60. Ongeza kwamba baadhi ya dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla au anapoinama na kunyanyuka, jambo ambalo mtu anayefunga nati za dishi hulifanya kila dakika. Nilipokuwa nayawaza hayo pale kwenye benchi, daktari wangu alikuwa ameshatoka na kuniita mara mbili.

Kilichonisumbua zaidi nilikifahamu jioni. Dishi lile halikuwa na tatizo lolote kabla ya Baba kupanda.

Nani anasema?

Niruhusu niachane na Muheza kidogo nieleze mambo yalivyo, maana barua na ujumbe ninaopokea kwenye safu hii zinaniambia Baba hayuko peke yake.

TV za chogo zilikuwa na maisha mepesi. Wengi tulianza na antena ya juu ya mti au bomba, waya mmoja unaingia nyuma, unatafuta chaneli, basi. Kisha usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata mwaka 2013. Hapo ndipo king'amuzi kikaingia sebuleni. Kwa TV za wakati ule kiliunganishwa kwa waya wenye pini tatu, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Kwenye rimoti ukabonyeza kitufe cha AV mara moja, na baada ya hapo wengi hawakukigusa tena. Miaka mingi ikapita TV ikiwa imetulia kwenye AV. Watu wakasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kuchagua.

TV mpya ina matundu mengi. Geuza ya kwako utaona: la antena, moja au mawili ya USB, mawili au matatu yaliyoandikwa HDMI, na la AV. Kila tundu ni mlango. TV haiwezi kufungua milango yote kwa mpigo. Inafungua mmoja, na wewe ndiye unayeiambia ni upi. Kitufe cha kuiambia kimeandikwa SOURCE, kwenye rimoti nyingine INPUT, na kwenye nyingine hakina maandishi ila kuna mchoro wa kisanduku chenye mshale unaoingia ndani. Ukikibonyeza, kioo kinakupa orodha: TV au DTV, AV, HDMI 1, HDMI 2, USB na kadhalika.

Sasa king'amuzi chako kimechomekwa kwenye HDMI 2, na TV imefungua mlango wa antena. Mgeni anabisha hodi uani, ninyi mmejipanga barazani mnamsubiri. TV inatazama barazani, haioni mtu, inasema “No Signal”. Haijadanganya, maana kwenye mlango ule kweli hakuna mtu.

TV nyingi mpya hukutega tangu mwanzo. Ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza lugha, nchi, halafu inakutaka utafute chaneli. Mtu anafikiri lazima atafute, kama zamani. Anatafuta, mstari unatembea mpaka asilimia 100, inaleta chaneli sifuri. Baba alirudia zoezi hilo mara nne kwa siku, asubuhi na jioni, akidhani labda asubuhi mawimbi ni mazuri zaidi. Kumbe utafutaji ule ni wa antena au dishi lililochomekwa moja kwa moja kwenye TV. Mwenye king'amuzi hana cha kutafuta kwenye TV. Chaneli zake zote ziko ndani ya king'amuzi, na kazi ya TV ni kufungua mlango tu.

Hili linalofuata ningeomba mlikate mlibandike ukutani. Maneno ya kukosa mawimbi yanaweza kusemwa na watu wawili tofauti, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Anayeweza kusema wa kwanza ni TV. Kauli yake ni fupi, “No Signal”, mara nyingi katika kijisanduku kinachoelea kwenye kioo cheusi au cha bluu, na baada ya dakika kadhaa TV hujizima. Ikisema TV, tatizo liko kati ya TV na king'amuzi: mlango uliofunguliwa siyo, waya umelegea, au king'amuzi chenyewe kimezimwa. Yote hayo yako ndani ya nyumba, kwenye urefu wa mkono wako. Dishi halihusiki.

Wa pili ni king'amuzi. Chenyewe huleta ujumbe mrefu zaidi, mara nyingi wenye namba ya kosa, pamoja na nembo au rangi za kampuni yake. Ukiuona ujumbe huo maana yake TV na king'amuzi tayari wanaelewana vizuri kabisa, maana umeusoma kwenye TV. Hapo ndipo unaweza kuanza kulifikiria dishi, waya wake, mvua kubwa, au kifurushi kilichoisha.

Kama huna uhakika nani anasema, chukua rimoti ya king'amuzi, siyo ya TV, ubonyeze MENU. Menyu ya king'amuzi ikitokea, huko hakuna shida. Isipotokea kitu, hangaika na SOURCE kwanza. Jaribio hili linachukua sekunde tano na halihitaji ngazi.

Simu ya kitochi

Jioni ile nilimpigia Baba nikijifanya sijui lolote kuhusu mguu. Wazee wangu wanatumia simu ya kitochi, kwa hiyo hakukuwa na kupiga picha wala kuonana kwa video. Ilikuwa ni sauti tu.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba mwanangu. Kuna nini?”

Nilimwambia ukweli nusu, kwamba TV ya rafiki yangu mpya imegoma na fundi amemfundisha kitu, nikaona nimwambie na yeye asije akasumbuka siku nyingine. Kimya. Kisha akakohoa, akasema, “Hata hii yetu ina kakitu kidogo.”

Nikamwomba anisomee kioo. Akasoma herufi kwa herufi kama anamsahihisha mwanafunzi. Nikauliza kijisanduku kimetulia au kinatembea. “Kinazurura,” alisema. Nikamwomba abonyeze MENU kwenye rimoti ya king'amuzi. Hakuna kitu. Nikamwuliza taa ya king'amuzi ni ya rangi gani. Nyekundu. Kumbe kila usiku alikuwa anakizima kwa rimoti yake, na asubuhi anawasha TV peke yake, maana kwa TV ya zamani Mama ndiye aliyekuwa akiwasha kile kidude kingine na yeye hakuwahi kujua. Kwenye king'amuzi chao taa nyekundu ni kusinzia na ya kijani ni kuwa macho. Akakiwasha. Bado kijisanduku kinazurura.

“Sasa Baba, tafuta kitufe kilichoandikwa S, O, U, R, C, E.”

Ilichukua muda. Nilisikia Mama akisogeza taa ya chaji. Orodha ikatokea, akaisoma yote. Nikamwambia ashuke kwa mshale hadi HDMI 1, abonyeze OK, kisha asubiri huku akihesabu mpaka kumi bila kugusa kitu. Hili la kusubiri ni muhimu. TV huchukua sekunde kadhaa kumtambua mgeni, na wengi wetu hubonyeza tena kabla haijamaliza. Akahesabu kwa sauti. Kumi. Hakuna. Tukarudia kwa HDMI 2. Alipofika saba nikasikia muziki mdogo wa king'amuzi, na nyuma yake kigelegele cha Mama.

Kikakatika ghafla. “Imeandika tena,” Mama alisema. “Lakini hii ni nyingine.”

Baba akanisomea. Ulikuwa ujumbe mrefu, wenye namba. Kilikuwa king'amuzi, kikisema hakipati mawimbi kutoka kwenye dishi.

Sikujua niseme nini. Baba alinitangulia. “Nililigeuza,” alisema polepole. “Asubuhi. Nililigeuza dishi.” Na hapo ndipo alipoanza kunisimulia mwenyewe habari ya bati, mvua na msumari, bila mimi kuuliza.

Dishi la satelaiti halina huruma. Satelaiti iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na dishi linailenga kwa usahihi kiasi kwamba kuligeuza nyuzi mbili tatu tu kunatosha kulipoteza kabisa. Halirudi kwa kubahatisha. Anayelirudisha haraka ni fundi mwenye kifaa cha kupimia mawimbi. Alikuja fundi wa pili, kijana mmoja mpole, akapanda yeye bati likiwa kavu, akamaliza kwa robo saa, akachukua shilingi 20,000. Kwa hiyo TV iliyokuwa inahitaji kubonyezwa kitufe kimoja ilitugharimu fedha hizo, ugoko wa Baba, na siku kumi na tatu za Mama kutembea na tochi kwenda kwa jirani. Nahesabu kwamba tumepona kwa bei rahisi.

Kabla hujaita fundi

Machache ya nyongeza kwa wanaohangaika sasa hivi.

Kama king'amuzi chako ni cha zamani na hakina tundu la HDMI, usikitupe. TV nyingi mpya bado zina AV, ila mara nyingi ni tundu moja dogo la mviringo kama la spika za masikioni, na kuna kipande cha waya cha kubadilishia ambacho huja ndani ya boksi. Watu hukitupa pamoja na maboksi. Kitafuteni. Ukiwa na sauti bila picha, angalia pini ya njano. Ukiwa na picha bila sauti, angalia nyekundu na nyeupe. Ukipata picha isiyo na rangi, huenda kwenye orodha umechagua “Component” badala ya AV.

Kama boksi la TV yako limeandikwa DVB-T2, TV hiyo ina king'amuzi cha antena ndani yake. Unaweza kuchomeka antena ya kawaida moja kwa moja, ukachagua DTV, na hapo ndipo kutafuta chaneli kuna maana. Utapata zile zisizofungwa zinazofika eneo lako. Ikiandikwa S2, inapokea pia kutoka kwenye dishi. Msidanganywe dukani kwamba TV ya namna hiyo itafungua chaneli za kulipia bila kadi. Haitafungua.

Waya wa dishi nyuma ya king'amuzi usiuchomeke wala kuuchomoa king'amuzi kikiwa kwenye umeme. Waya ule hauleti mawimbi tu. Unapeleka pia umeme mdogo wa volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB, na uzi wake wa kati ukigusana na kingo unaweza kuunguza kifaa. Zima ukutani kwanza. Na radi zikianza, chomoa vyote, TV, king'amuzi na waya wa dishi, kisha kaeni mzungumze.

Kuhusu juu ya nyumba nina msimamo mkali na sitaki mjadala. Mwenye zaidi ya miaka 60 hapandi. Mwenye presha, kisukari au macho yanayosumbua hapandi, hata awe na miaka 40. Bati bichi halipandwi na mtu yeyote. Na kama bomba la antena liko karibu na nyaya za umeme, hapo hata kijana wa miaka ishirini asisogee, maana bomba la chuma likigusa waya wa umeme hakuna kuteleza tena, ni mazishi.

Jambo moja nalisema kwa uchungu kwa sisi wanaotuma vitu nyumbani. Zahanati moja niliyowahi kuandika habari zake ilikuwa na muuguzi mwenye utaratibu nilioupenda. Akishamweleza mgonjwa jinsi ya kumeza dawa, haulizi “Umeelewa?” Anasema, “Hebu niambie wewe, ukifika nyumbani utazimezaje?” Alinifafanulia kwamba ukimuuliza mtu kama ameelewa, kila mmoja anaitikia ndiyo, na wazee ndio wa kwanza, kwa sababu kusema hapana mbele ya mtoto ni kujidhalilisha. Niliyaandika yote hayo, makala ikatoka, nikasifiwa. Kisha nikampigia baba yangu mzazi simu nikamwambia ni rahisi tu, kila kitu kimeandikwa kwenye kitabu.

Neno “rahisi” lina ukatili wake. Ukimwambia mtu jambo ni rahisi na likamshinda, umeshamwambia pia kasoro iko wapi. Ndiyo maana Baba aliona afadhali ngazi kuliko simu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Muheza mwenyewe. Sikumfundisha kitu. Nilimwomba aniwashie TV nione, na nikakaa mikono nimeificha chini ya kanga ili isinyooke kuchukua rimoti. Alikosea mara moja, akarudi nyuma, akapata. Kisha nikachomoa waya wa HDMI makusudi nikaurudisha kwenye tundu jingine, nikamwambia sasa imeharibika, afanyeje. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikikosea hesabu za kugawanya. Akabonyeza SOURCE, akahesabu mpaka kumi, akaipata.

Kwenye ukuta kando ya TV kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Mstari wa kwanza unasema: “Nani anasema? TV au king'amuzi?” Wa pili: “Taa iwe ya kijani.” Wa tatu: “SOURCE, HDMI 2, hesabu 10.” Wa nne aliuongeza Mama kwa kalamu nyekundu: “Dishi lisiguswe.” Mafundi wa kweli watacheka, lakini mimi nimeona maelekezo ya dawa yasiyofikia ubora huo. Rimoti zenyewe zimefungwa vitambaa, ya TV cheupe na ya king'amuzi cheusi, baada ya mabishano ya siku mbili kuhusu ipi ni ipi.

Ugoko umepona, umebaki na alama ndefu. Nilimpeleka zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, maana msumari wa bati ni msumari wa bati, na nikawaomba wampime presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Ilishuka aliposimama. Daktari amebadilisha saa za kumeza dawa na ametaka kumwona tena mwezi ujao.

Juzi jirani, yule ambaye Mama alikuwa akienda kuangalia tamthilia kwake, amenunua TV mpya na imeandika “No Signal”. Amekuja kumwita Baba. Mama anasema aliondoka amebeba miwani na ile karatasi tu. Ngazi ameifungia kwenye banda la kuku, na ufunguo anao yeye.